Mabaki ya Jumamosi

Kitu kizito kuliko vyote nilivyo navyo ni chungu cha maua. Kina pande nne, kimo chake kinanifika kiunoni, juu kina shimo la kupandia, na upande wa mbele kina kidaka kilichoingia ndani kiasi cha ngumi mbili. Ndani ya kidaka kuna weusi usiotoka hata kwa brashi ya waya. Ni masizi ya taa ya samli. Vijana wanne walikipakia kwenye mkokoteni kutoka uani mwa nyumba iliyokuwa ikibomolewa karibu na Park Road, wakakisukuma hadi kwangu, na kila walipopumzika waliniuliza: "Mathe, si ungenunua tu cha plastiki?"

Chungu hicho alikitengeneza baba yangu mwaka 1965, nami nilikuwa na miaka minane, nikimshikia ndoo ya maji. Wateja wanaokuja kwangu leo kununua vyungu na wanyama wa bustani hudhani ufundi huu tuliutoa kwenye majarida ya Wazungu, au siku hizi kwenye video za simu. Siwalaumu. Ila mimi niliona ulikotoka, na haukutoka mbali. Ulitoka kwenye karai lenye simiti iliyobaki, Jumamosi, saa saba mchana.

Baba alikuwa Mkamba wa Machakos, na alipata kazi Nairobi kwa sababu wengine walikuwa wameondolewa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Askari waliuzingira mji, wakawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kwenye kambi za kizuizini. Kwa wiki chache tu, sehemu za ujenzi zikakosa watu wa mkono. Wakandarasi wakaanza kutafuta vijana wa Ukambani, wa Magharibi na wa Nyanza. Baba hakuwahi kulisema jambo hili kwa majivuno. Alisema, "Beleshi nililoanzia kazi lilikuwa la mtu aliyepelekwa Manyani. Mpini ulikuwa bado una alama za mikono yake."

Mwajiri wake alikuwa Kalasinga aliyeishi Ngara na kujenga Ngara, Pangani na Parklands. Alikuwa mtu wa pima maji na timazi. Ukuta ukipinda upana wa kidole aliubomoa kwa mguu. Mjengo wake ulikuwa na sheria moja ambayo baba aliirudia hadi uzeeni: simiti haingoji Jumatatu. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuufunika kwa gunia bichi ukaurudia baada ya siku tatu. Simiti ikishaguswa na maji, una saa mbili hivi, kisha inaanza kushika, na ikishika hairudi nyuma. Jumamosi watu walilipwa mchana, wakaanza kunawa miguu, na juu ya ubao kukabaki nusu karai ya mchanganyiko. Wengine waliutupa shimoni. Baba akaomba auchukue. Mkubwa wake akamtazama kidogo, akasema, "Chukua, fundi. Lakini karai rudisha."

Chungu cha kwanza alikimimina ndani ya debe la mafuta ya taa, na katikati akatumbukiza kopo la mafuta ya kupikia ili papatikane uwazi. Siku ya tatu akalikata debe kwa patasi, akalimenya kama ganda la yai. Kikatoka kitu cha mraba, kizito, chenye alama ya mshono wa bati ubavuni. Alikipanda mshubiri. Akatengeneza kingine Jumamosi iliyofuata.

Ili mtu aweze kuokota mabaki ya simiti, lazima kwanza simiti iwe nyingi kiasi cha kubaki, na kwetu haikuwa hivyo siku zote. Watu wa pwani walijenga kwa chokaa karne nyingi kabla ya simiti. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, yakamwagiwa maji hadi yakawa unga mweupe, na chokaa hiyo ndiyo iliyochongwa vidaka na nakshi za nyumba za Lamu. Makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui, yalipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Kwa hiyo anayebandika vipande vya sahani kwenye chungu cha bustani leo, akajiona amebuni, ametanguliwa na mafundi wa pwani kwa mamia ya miaka.

Ule unga wa kijivu wenyewe ulitoka Uingereza. Joseph Aspdin, fundi wa matofali wa Leeds, alipata hataza yake mwaka 1824, akauita Portland kwa sababu ukishika ulifanana na jiwe la kisiwa cha Portland. Vitabu vyetu huuita saruji. Ngara ukisema saruji, fundi atakuuliza umetoka wapi. Ni simiti. Mwanzoni ililetwa kwa meli, na gharama yake ilitosha kumfanya mtu aifagie hata iliyomwagika. Februari 1933 kampuni ya East African Portland Cement iliandikishwa nchini, ikafungua kiwanda Industrial Area cha kusaga klinka iliyoletwa kutoka India. Bamburi ikaanza kutoa simiti yake Mombasa mwaka 1954, na mwaka 1958 kiwanda kikubwa cha Athi River kikafunguliwa, karibu na njia ya baba ya kwenda nyumbani Machakos. Mfuko wa simiti ukawa kitu cha kawaida. Hapo ndipo nusu karai ilipoanza kubaki Jumamosi bila mtu kulia.

Sasa niieleze Ngara yenyewe, kwa sababu chungu kile chenye kidaka hakingezaliwa mtaa mwingine wowote.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Iliwaleta watu karibu 32,000 kutoka India, na zaidi ya 6,000 kati yao walibaki baada ya kazi kwisha. Waliwafuata wafanyabiashara, makarani, walimu na mafundi. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu walikaa vilimani, Waafrika wakasukumwa mashariki, na Wahindi wakapewa sehemu kama Ngara, ng'ambo ya Mto Nairobi, chini ya kilima ambako jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1930. Waafrika wa Pangani ya zamani, majirani wa Ngara, walivunjiwa nyumba zao na kuhamishiwa Shauri Moyo kufikia mwaka 1939. Jina hilo la mtaa lasema lenyewe: kwenda au kutokwenda, shauri la moyo wako.

Ngara ikajengwa kwa mawe ya kijivu ya Nairobi, yale ya volkeno yanayochongwa kwa patasi na nyundo. Barabara moja ya karibu hadi leo inaitwa Quarry, yaani Machimbo. Nyumba zilikuwa na veranda, sakafu za teraso zilizopigwa msasa zikang'aa, matofali yenye matundu ya kupitisha hewa, na juu ya mlango mara nyingi mwaka uliochongwa kwa lipu. Watoto wa Kihindi walisoma Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri High School. Jioni watu walijaa sinema ya Shan, jengo ambalo sasa ni Sarakasi Dome. Sisi tuliishi chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kigujarati, baada ya mama nasi watoto kutoka Machakos mwaka 1964.

Bibi wa nyumba ile aliitwa Ba na kila mtu, hata na sisi, kwa kuwa hatukujua kwamba ni neno la Kigujarati la mama. Ba alikuwa na mmea mmoja ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuchuma bila kunawa: tulsi, aina ya mrehani ambayo Wahindu huitukuza kama mungu wa kike. Alfajiri aliimwagilia maji akaizunguka taratibu, ncha ya sari mkononi. Magharibi aliiwashia taa ndogo ya utambi na samli. Baada ya Diwali aliivisha kitambaa chekundu na kuioza kama bi harusi. Lakini tulsi yake ilikuwa ndani ya ndoo iliyotoboka, na jambo hilo lilimuuma. Kwao Gujarat, alimwambia mama, tulsi hukaa kwenye nguzo yake katikati ya ua.

Mama alimwambia baba. Baba alienda kwa Ba, akavua viatu, akachuchumaa na kijiti, wakachora pamoja mchangani: pande nne, kimo cha kiuno ili mwenye kuabudu asiiname, na kidaka cha taa kielekee mbali na upepo. Simiti haikutoka Jumamosi moja. Ilitoka Jumamosi nne, na ukiangalia vizuri utaona mistari minne myembamba inayozunguka chungu kile, kila mmoja ukionyesha mahali mabaki ya wiki moja yalipoishia na ya wiki nyingine yalipoanzia. Rangi zake hazilingani. Wiki ya tatu mchanga ulikuwa mwekundu.

Habari ikatembea veranda kwa veranda. Ndani ya mwaka mmoja baba alikuwa ametengeneza nguzo za tulsi sita, na sasa alikuwa akinunua mfuko wake mwenyewe.

Wenye nyumba Makalasinga hawakutaka tulsi. Walitaka simba. Singh, jina lao, maana yake ni simba, na simba wawili kwenye nguzo za geti walikuwa kama jina la mwenye nyumba lililoandikwa bila herufi. Baba hakuwa amesomea uchongaji, ila alikuwa ametoka upande wa Wamunyu, na huko uchongaji uko hewani. Mzee Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza huko kuchonga sanamu za mti, na aliporudi akaanzisha kazi iliyokuja kulisha vijiji vizima vya Ukambani. Wajomba wa baba walikuwa wachongaji. Yeye aliuchukua mkono ule akaugeuza. Mchongaji wa mti hupunguza, lakini fundi wa simiti huongeza. Alifunga mifupa ya simba kwa nondo nyembamba, akaivika waya wa kuku, akaipaka simiti tabaka kwa tabaka, kisha kabla haijashika kabisa akachukua kisu na kumtolea manyoya, kama mchongaji.

Alikwenda kumtazama simba mjini, kwenye maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, ambako simba wawili wamekaa mlangoni. Alikaa kwenye ngazi akiwatazama hadi mlinzi akamfukuza. Ndiyo maana simba wa baba wote wana uso wa simba wa McMillan na mwili wa mbwa wa Machakos. Simba halisi hakuwahi kumwona.

Nilipokuwa mtu mzima nilijifunza jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Zege lenye vyuma ndani, hili linaloshikilia maghorofa yote ya dunia, mmoja wa waanzilishi wake hakuwa mjenzi. Alikuwa Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, aliyechoshwa na vyungu vya udongo vinavyopasuka na vya mbao vinavyooza. Akatia waya ndani ya simiti, na mwaka 1867 akapata hataza ya vyungu na masanduku ya mimea. Baadaye ndipo wakaja mabomba, matangi, madaraja na nyumba. Kule, basi, chungu kilizaa jengo. Ngara mambo yalikuwa kinyume: jengo lilizaa chungu.

Wala hatukuwa peke yetu. Huko Chandigarh, India, Nek Chand, mkaguzi wa barabara, alianza kwa siri mwaka 1957 kukusanya vifusi vya vijiji vilivyobomolewa ili mji mpya ujengwe. Kwa simiti, vigae na bangili zilizovunjika akatengeneza watu na wanyama msituni, hadi bustani yake ikafunguliwa kwa umma mwaka 1976. Na mwaka 1962 Gregory Maloba, mchongaji Mkenya aliyesomea Makerere, alisimamisha Kampala mnara wa Uhuru wa Uganda: mama wa zege akimwinua mtoto juu. Maloba alipewa zege hilo kwa heshima ya taifa. Baba alipewa lake kwenye karai la kurudishwa. Lakini simiti ni ile ile.

Kisha watu wakaondoka. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na Wahindi wasiokuwa raia wakaona mlango unafungwa upande huu. Uingereza nayo ikaharakisha sheria yake, ikaanza kutumika Machi 1968, kufunga mlango wa upande wa pili. Wiki za Februari zilikuwa za mbio. Ngara nzima ilinuka rangi ya masanduku. Ba na familia yake walikuwa miongoni mwa walioondoka. Walichukua picha, sufuria za shaba, cherehani. Nguzo ya tulsi ilihitaji watu wanne kuisogeza, na ndege haina mkokoteni. Ba alikata tawi, akalifunga ndani ya kitambaa kibichi, akalitia kwenye mkoba wake. Kwa baba alisema neno moja tu: "Maji."

Mama aliimwagilia maji. Nyumba ilinunuliwa na Mkenya mwingine, mtumishi wa serikali, na mke wake akapanda vitunguu majani kwenye nguzo ya tulsi. Tuliona kama kufuru kwa wiki mbili, kisha tukaanza kuomba vitunguu.

Yule mkandarasi Kalasinga naye alifunga kazi mwaka uliofuata, na baba akabaki na mwiko, pima maji, na ufundi usio na mwajiri. Wenyeji wapya wa Ngara hawakutaka tulsi wala simba wenye maana ya jina. Walitaka kitu cha kupandia mawaridi na jiraniamu mlangoni, kama walivyoona kwa wakubwa. Na wakubwa walikuwa wakiiga mji wenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za Nairobi, alikuwa amejaza barabara kwa bogonvilia na mijakaranda. City Park iko ng'ambo tu ya Forest Road, ile ambayo leo ina jina la Wangari Maathai. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa kibarua wa bustani za jiji, na alijua kukata vikonyo vikaota mizizi. Yeye akaleta miche, baba akaleta vyungu, wakaviweka kando ya barabara juu ya gunia. Mimi nilikuwa karani wao, nikiwa na kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu Kenya iliyotia jina la "sekta isiyo rasmi" midomoni mwa wataalamu. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, wakajengewa vibanda, na neno jua kali, la mafundi wasio na paa, likapanda cheo. Vyungu vya simiti havikupata kibanda. Labda kwa sababu havihitaji paa: jua haliviharibu, mvua huvikaza.

Baba alifariki mwaka 1991. Nikaendelea mimi, na nitakueleza kazi inavyofanyika, maana ukiielewa utaelewa bei.

Nachanganya simiti moja kwa mchanga tatu, kwa ndoo moja, si kwa macho. Mchanga uwe wa mto, ukiushika kiganjani na kuupuliza usiache vumbi. Ule wenye udongo hutoa chungu kinachomeguka kama mkate. Maji naweka kidogo kuliko unavyodhani. Nikifinyanga tonge na kulirusha juu, lirudi mkononi likiwa zima bila kunichuruzika. Kalibu yangu ni makarai mawili, kubwa na dogo, na kati yake nafasi ya vidole vitatu. Ndani ya kubwa napaka oili chafu, na oili hiyo hutoka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwenye magereji ya magari. Ukitaka kujua Ngara inavyolishana, tazama hapo: gari la mtu linabadilishwa oili, na mimi napata chungu kisichong'ang'ania karai.

Natia waya wa kuku katikati, najaza, nagonga karai kwa mpini wa nyundo hadi mapovu yaache kupanda. Chini nasimamisha vijiti viwili vya kutobolea matundu ya maji. Kesho yake nakitoa. Na hapa ndipo wanaojifunza wanapokosea: wanakianika juani kikauke upesi. Simiti haikauki, simiti hushika, na ili ishike inahitaji maji. Nakifunika kwa gunia bichi na kulimwagilia asubuhi na jioni siku saba. Chungu kilichonyimwa maji wiki ya kwanza kitapasuka mwaka wa kwanza.

Kuna jambo baba hakunifundisha, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa mimea. Mwaka 1993 niliuza vyungu kumi na viwili vipya kwa mama mmoja wa Parklands, nikavipanda jimbi siku hiyo hiyo ili vipendeze. Baada ya wiki tatu aliniita. Majani yalikuwa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Chokaa ya simiti mbichi ilikuwa imechujuka na kuunguza mizizi, vile vile inavyounguza vidole vyangu nikisahau glavu. Nilimrudishia pesa zote. Tangu siku ile chungu hakitoki kwangu kabla hakijalala kwenye pipa la maji wiki tatu, maji yakibadilishwa kila utando mweupe unapoelea juu. Mteja akiwa na haraka namwambia aende akanunue cha plastiki.

Mjini haraka imeongezeka. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2012, na magari yakazidi kumiminika upande wetu. Kisha mwaka 2020 ukaanza ujenzi wa Expressway ya kutoka Mombasa Road hadi Westlands, inayopita Museum Hill juu ya nguzo zake. Kando ya Waiyaki Way kulikuwa na vitalu vya miche na vyungu ambavyo watu walivijua miaka mingi, na wengi walihama. Mkuyu mmoja mkubwa uliokuwa njiani uliokolewa kwa amri ya rais Novemba mwaka huo, na sisi wa Ngara, ambao kituo chetu cha matatu kinaitwa Fig Tree, tulifurahi. Vyungu havikupata amri. Mimi mwenyewe nimehamishwa mara tatu, kila mara na watu walionionyesha karatasi kutoka mbali, wakaikunja kabla sijaisoma. Mara ya pili tingatinga lilipita juu ya simba saba. Nilirudi jioni nikaokota vichwa viwili vilivyosalia. Expressway ilifunguliwa mwaka 2022. Ukiipita kwa juu, chini ya magurudumu yako ni simiti na vyuma, ndugu wa chungu cha Monier, na chini ya hiyo ni mahali tulipokuwa tukiweka gunia.

Nyumba za mawe za Ngara nazo zinaisha moja moja. Mahali pa ua wa Ba pana hosteli ya wanafunzi ya ghorofa sita. Park Road kuna mradi wa nyumba za bei nafuu wenye nyumba 1,370. Sizilaani, watoto wa watu wanahitaji mahali pa kulala, na ni mijengo hiyo iliyotulisha tangu mwanzo. Lakini zimebadilisha kazi yangu. Mtu wa ghorofa ya saba hana geti la kuwekea simba, ana roshani ya upana wa kiti. Hawezi kupandisha kilo 40 kwa ngazi. Kwa hiyo nimejifunza kupunguza mchanga na kuongeza makumbi ya nazi yaliyosagwa, chungu kikawa chepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Wakati wa korona watu walipofungiwa nyumbani niliuza vidogo vidogo hivyo kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Baba angevicheka. Angesema vinapeperuka.

Na simiti bado inabaki. Vijana wa mjengo wa jirani wananijua. Jumamosi mchana wanapiga mluzi, natuma mjukuu na karai.

Nilipata habari za kubomolewa kwa nyumba ya Ba kwa bahati, kwa kusikia tingatinga. Nilimkuta msimamizi, nikamwomba nguzo ile. Alishangaa mtu kuomba kifusi, akaniambia nichukue upesi. Vyungu vingi vya baba havikuwa na bahati hiyo. Kati ya nguzo sita za tulsi alizotengeneza, ninajua ilipo moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaonunua nyumba za zamani Ngara, Pangani na Parklands, na kwa mafundi wanaotumwa kuzibomoa. Kabla ya tingatinga kuingia, zunguka nyuma ya nyumba. Ukiona nguzo ya pande nne yenye shimo juu, tia kidole kwenye kidaka. Kikitoka cheusi, usiivunje. Nitafute, nitakuja na mkokoteni na vijana wanne.

Ile ya Ba iko mlangoni kwangu. Nimepanda mrehani, na jioni mjukuu ndiye anayemwagilia.